Hotuba Niliyomwandalia Baba

Baba alipiga simu Jumapili asubuhi, nami nilikuwa naanua nguo kwenye mashine ya kukimbilia. Mashine hiyo niliinunua kwa nia ya kupunguza tumbo. Siku hizi inakausha taulo vizuri sana. Alisema anakuja Johannesburg pamoja na mdogo wangu Nimisha, kuna bidhaa wanataka kuziangalia, na kuna neno anataka kuniambia.

"Neno gani, Baba?"

"La duka. Si la kwenye simu. Tutaongea tukionana."

Nikamwambia karibuni sana. Kisha nikakaa sakafuni na taulo mapajani, kwa sababu neno hilo nilikuwa nalisubiri tangu niko shule ya msingi.

Naitwa Dhaval Kotecha. Sisi ni Wahindi wa Mbeya. Babu yake baba alikuja kutoka Gujarat akafungua duka la vyombo, na mpaka leo tunauza vyombo: sufuria, mabeseni, chupa za chai, ndoo, vikombe vya bati vyenye maua. Duka limekuwa likirithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, sawasawa na pua yetu. Mtoto wa kiume wa kizazi hiki ni mimi peke yangu. Pua ninayo tayari.

Lakini nilishaamua kwamba sirudi. Ninafanya kazi Sandton, mtaa wa matajiri hapa Johannesburg, kwenye kampuni ya bima, na kazi yangu ni kukokotoa uwezekano wa watu kuugua, kugonga magari na kufa. Ninalipwa kwa kubashiri. Ninakunywa kahawa yenye maziwa yasiyotoka kwa ng'ombe, ninahudhuria semina za kazini kuhusu usawa wa kijinsia na kukaa mstari wa mbele, na ninajiona mtu wa kisasa. Tena siko peke yangu. Wahindi wenzangu niliosoma nao, wa Mbeya, Moshi na Mombasa, tumetawanyika duniani na tuna kundi letu la WhatsApp. Mmoja ameacha udaktari anafundisha watu kupumua. Mwingine na mkewe wameamua hawazai, wanafuga kasuku. Mwingine ameacha benki anaoka mikate Toronto. Kila mmoja wetu anaamini amefanya mapinduzi, na karibu wote tumeyafanya mapinduzi hayo mbali na wazazi, tukiwaambia kwamba tuko salama na kazi inaendelea vizuri.

Mapinduzi yangu makubwa yalikuwa Jeptoo. Jeptoo ni Mkenya, Mnandi, anafanya kazi benki mtaa wa pili kutoka ofisini kwetu, na tumekuwa tukiishi pamoja kwa zaidi ya mwaka. Nyumbani tunaongea Kiswahili, kila mmoja akiamini kwamba cha mwenzake kimeharibika. Wazazi wake wanajua habari zangu. Mama yake huniombea kanisani kila Jumapili kwa jina la Davali. Wazazi wangu hawakujua kama Jeptoo yupo duniani.

Jioni ile nilimweleza mpango wangu. Nitaandaa hotuba. Baba ni mtu wa hoja. Nikimpa hoja moja baada ya nyingine, kwa utulivu, ataelewa. Nikaiandaa kama ninavyoandaa mambo ya ofisini, na michoro, nikaifanyia mazoezi sebuleni, Jeptoo akiwa msikilizaji. Nilieleza kwamba dunia imebadilika. Nilieleza kwamba kijana wa leo ana haki ya kuchagua kazi yake, mji wake na maisha yake. Nilipofika penye kuvunja minyororo ya ukoo niliinua mkono kidogo.

Jeptoo alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni poa," akasema. "Sasa mimi niko wapi kwa hii hotuba?"

"Uko sehemu ya pili."

"Sehemu ya pili inaanza lini?"

"Inategemea ya kwanza itakavyokwenda."

Akaenda kuhamishia nyama ya kwenye friji kwa jirani, maana kwetu Mbeya hatuli nyama na baba angefungua friji kabla ya kuvua viatu.

Walifika Alhamisi. Niliwapokea uwanja wa ndege, tukapanda treni ya mwendo kasi mpaka Sandton, baba akiuliza treni hii inabeba mizigo kiasi gani na mimi sijui. Nimisha alikuwa amevaa raba na begi la mgongoni. Ananifuata kwa miaka minne, na kichwani mwangu alikuwa bado msichana wa kuhesabu vijiko dukani akisubiri kuolewa. Alikuwa na mchumba Leicester, Uingereza, kijana wa familia nzuri. Nikamuuliza harusi lini. Akasema, "Tutaongea, bhai," hivyo ndivyo anavyoniita mimi kaka yake, kisha akageuka kuangalia dirishani.

Mlangoni, Jeptoo alikuwa amesimama anatusubiri, amevaa gauni lake la kijani. Nilikuwa nimejiandaa kusema, "Baba, huyu ni Jeptoo, mtu muhimu sana maishani mwangu." Nilifungua mdomo. Baba akaniangalia. Nikasikia sauti yangu ikisema:

"Huyu ni Jeptoo. Tunachangia nyumba."

Jeptoo hakushtuka. Nafikiri alikuwa amekokotoa uwezekano wa jambo hilo kwa usahihi kuliko mimi.

"Shikamoo baba," akasema. "Karibuni sana. Mimi chumba changu ni kile cha huko nyuma."

Chumba cha huko nyuma ndimo tunamoweka maboksi na baiskeli. Usiku ule baba alilala chumba chetu, Nimisha na Jeptoo wakalala pamoja na maboksi, mimi nikalala kwenye kochi. Kabla ya hapo Jeptoo alikuwa amechukua kalamu nene akaandika jina lake kwenye kopo la maziwa, kwenye siagi, na kwenye kila yai. Baba, ambaye hali mayai, alifungua friji akafurahi kuona yana mwenyewe.

"Mpangaji mwenzako ni mtu wa utaratibu," akaniambia.

Asubuhi tulikunywa chai wote wanne. Baba alimpenda Jeptoo, hilo lilionekana wazi. Alimuuliza habari za benki, za mvua za kwao, za barabara ya kutoka Nairobi. Kisha, kwa upole wa mzee anayemjali mtoto wa mwenzake, akamuuliza kama ana mchumba.

Jeptoo aliweka kikombe chini akanigeukia mimi. Nimisha naye akanigeukia. Hata leo naweza kukuelezea vizuri ile nafasi niliyopewa. Ilikuwa pana kama mlango wa ghala. Ningeweza kuingiza lori.

"Jeptoo anaipenda sana kazi yake," nikasema.

"Ni vizuri," akasema baba. "Lakini usichelewe, binti yangu."

"Asante, baba," akasema Jeptoo. "Naona nimeshachelewa." Akachukua mkoba wake akaenda kazini, bila kufunga mlango kwa nguvu. Angeufunga kwa nguvu ningejua la kufanya.

Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini ili niwatembeze. Nikapendekeza jumba la biashara la Sandton, lenye chemchemi na ngazi za umeme. Nimisha akasema wao wanakwenda katikati ya mji, kwenye maduka ya jumla. Hapa lazima niseme kwamba nimeishi Johannesburg miaka mingi na katikati ya mji nimepaona zaidi nikiwa juu, kutoka dirisha la ofisi. Niliingiza simu yangu ndani ya soksi, wezi wasiione. Nilivaa kofia. Nimisha aliniuliza kama tunakwenda kuiba.

Tuliposhuka kwenye gari, nilisimama penye taa za barabarani, ambazo huku kila mtu anaziita roboti, nikasubiri zituruhusu. Ziliporuhusu, teksi za abiria zilikuwa zimejaa njia nzima na hakuna aliyekuwa akiziangalia taa hizo isipokuwa mimi. Nimisha alimshika baba mkono wakavuka. Nikawafuata nikichechemea kwa sababu ya simu.

Nilidhani nitakuwa mkalimani wao. Lakini Nimisha alikuwa na watu wake. Kwenye jengo moja la zamani, juu kanisa na chini maduka yaliyobanana, mama mmoja Mkongo alitoka nyuma ya marundo ya blanketi akamkumbatia. Alikuwa anaitwa Murielle, mwenyeji wa Lubumbashi, na alikuwa anasafirisha bidhaa kwa malori kupitia Zambia mpaka Tunduma.

"Patronne," akamwita Nimisha, yaani bosi kwa Kifaransa cha kwao, "mi nakungojea toka asubui. Huyu ni bwana yako?"

"Kaka yangu," akasema Nimisha. "Anaishi hapa hapa Johannesburg."

Murielle aliangalia kofia yangu, akaangalia mguu wangu wenye uvimbe wa ajabu kwenye kifundo. "Anaishi hapa?" akauliza. "Fasi gani?"

Nikamwambia Sandton. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa amelazwa mbali.

Walikaa chini wakaanza kazi. Nimisha alichagua blanketi, sufuria za kupikia kwenye majiko ya umeme, vyombo vya watoto wa shule. Alibishana, akacheka, akainuka kuondoka, akarudi. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni anakunywa soda, na kila Murielle alipomgeukia kama mzee wa biashara, alimnyooshea Nimisha kidole. Ningekuwa mtu mwenye macho ningeelewa pale pale. Lakini nilikuwa narudia hotuba yangu kimyakimya, na nilikuwa nimefika penye michoro.

Mchana tulikwenda kula Fordsburg, mtaa wenye Wahindi wengi, kwenye mgahawa wa vyakula vya mboga. Mwenye mgahawa alinisalimia kwa Kiingereza akaniuliza mimi ni wa Durban upande upi. Huwa naulizwa hivyo, maana Wahindi wengi wa huku ni wa Durban. Nikamjibu ni wa Mbeya, akasema hajawahi kufika upande huo wa Durban.

Tulipomaliza kuagiza, Nimisha akaenda kunawa mikono. Nikaona ndio wakati.

"Baba," nikasema, "najua umekuja kuniambia nini. Kabla hujasema naomba unisikilize."

Baba akaweka mikono juu ya meza. Nikaanza. Sikuwa na michoro, lakini nilikuwa nayo kichwani, na maneno yalitoka vizuri kuliko kwenye mazoezi. Nilimwambia namheshimu. Nilimwambia naelewa jasho la mababu. Nilimwambia dunia imebadilika, kijana wa leo ana haki ya kuchagua, na kwamba ingawa litamuuma, sitarudi Mbeya kushika duka. Nilipofika kwenye minyororo, mhudumu alileta dengu, ikabidi ningoje ashushe sahani. Kisha nikavunja minyororo.

Baba alichukua kipande cha chapati. Alitafuna mpaka mwisho.

"Nani amekuambia urudi?" akauliza.

"Wewe, Baba. Si ndilo neno ulilokuja nalo?"

"Hapana," akasema, na nikaona kwamba na yeye ana hofu. "Dhaval, dikra, mwanangu, mimi nimekuja kukuomba usiumie. Duka nimempa Nimisha. Analiendesha yeye tangu mwaka jana. Mimi nakwenda asubuhi kufungua na kusalimia watu tu. Nimeongea hili peke yangu kwenye choo cha ndege mpaka mhudumu akagonga mlango kuuliza kama naumwa. Kwetu duka ni la mtoto wa kiume. Nilijua litakuuma. Nikasema nije nikuambie uso kwa uso."

Nimisha alikuwa amerudi. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, mikono bado ina maji.

Hapa ndipo mtu wa kisasa angefurahi. Angenyanyuka amkumbatie dada yake. Nilikuwa nimepata kila nilichokitaka, bila hata baba kukunja uso, na dada yangu amepata anachostahili, na usawa wa kijinsia umekaa mezani kwetu unakula dengu. Nikafungua mdomo, mdomo ule ule, nikasema:

"Lakini mimi ndiye wa kiume."

Hata mimi nilikuwa najisikiliza kwa mshangao.

"Bhai," akasema Nimisha polepole, "wewe umesema hulitaki sasa hivi. Nimekusikia kutoka kule penye sinki. Watu wote wamekusikia."

"Sikulitaka, ndiyo. Lakini mlipaswa kuniuliza, ili nikatae."

Baba akaniangalia kama anayejaribu kukumbuka shahada zangu ni za nini. Nimisha akakaa, akaanza kucheka, akajizuia, kisha akaacha kujizuia. Na mimi, nikiwa na miaka thelathini na kitu, kwenye mgahawa uliojaa watu, nilijikuta nafuta macho kwa karatasi ya mezani kwa ajili ya mabeseni. Nilikuwa nimekulia juu ya yale mabeseni. Miaka yote nilikuwa nimesimama mlangoni pa lile duka nimejiandaa kuondoka kishujaa, na kumbe hakuna aliyekuwa amenishika shati.

Nimisha aliacha kucheka akanisogezea maji. Akanieleza yaliyobaki. Yule mchumba wa Leicester alitaka ahamie kwao baada ya harusi. Nimisha akamwambia ahamie yeye Mbeya, nyumba ipo, kazi ipo. Kijana akaenda kuuliza kwao, na jibu likawa hakuna mwanamume anayehamia kwa mkewe. Basi wakaachana, kwa simu, bila kutukanana. Mama alilia mwezi mzima. Kisha akachoka kulia akaanza kwenda dukani kumsaidia, na siku hizi anashughulikia upande wa chupa za chai, hataki mtu aguse rafu zake.

"Kwa nini hamkuniambia?" nikauliza.

"Wewe unatuambia nini?" akasema Nimisha. "Uko salama, na kazi inaendelea vizuri."

Alisema bila ukali. Kisha akaniangalia kwa namna nyingine, akitikisa kichwa kidogo kuelekea kwa baba, na nikaelewa kwamba mtu hawezi kulala chumba cha maboksi na Jeptoo akatoka asubuhi hajui kitu. Alikuwa ananipa nafasi nyingine. Nikamwambia baba kwamba dengu ni tamu.

Tulirudi Sandton saa kumi na moja jioni. Nyumba ilikuwa kimya. Gauni la kijani halikuwepo nyuma ya mlango, wala viatu vyake, wala sanduku lake. Mayai yalikuwa yameondoka pia. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe mfupi: yuko mtaa wa Berea kwa binamu yake Cheryl, nisimpigie leo.

Baba alitoka chumbani akiwa amevaa kandambili. "Mpangaji mwenzako yuko wapi? Nilimletea pipi kutoka Fordsburg."

Alikuwa ameshika kiboksi cha pipi za maziwa, kimefungwa utepe. Nilikiangalia kile kiboksi. Sikuwa na hotuba. Ya duka niliiandaa wiki nzima, na hii, ambayo ndiyo ilinihusu, sikuwa nimeiandikia hata mstari mmoja.

"Si mpangaji, Baba," nikasema. "Ni kama mke wangu. Tunaishi pamoja. Chumba ulicholala ni chetu. Nimekudanganya tangu mlangoni, na asubuhi nimemkana mbele yako, ndiyo maana ameondoka."

Nilikuwa nimezoea kuwaza kwamba baba akisikia habari hii ataghadhibika, na kwa ghadhabu nilikuwa na majibu. Hakughadhibika. Alikaa kwenye kochi, juu ya blanketi nililolalia, akaweka kiboksi pembeni, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyozeeka.

"Duka nilijua la kusema," akasema. "Hili sijui."

"Baba, dunia..."

"Usiniambie dunia imebadilika. Mimi ndiye niliyempa binti duka." Akakisogeza kile kiboksi. "Si wa kwetu. Hali chakula chetu, hasali tunavyosali. Mama yako atauliza watoto watakuwa nani. Mimi pia nauliza. Lakini ngoja. Nimekaa na yule binti mezani, nimemuuliza kama ana mchumba, na wewe umekaa hapo unakunywa chai?"

"Ndiyo, Baba."

"Ukamwacha akanijibu kwa heshima?"

"Ndiyo."

Akaondoka akaenda kulala kabla ya chakula. Nimisha alipika wali, tukala wawili bila kuongea mengi. Aliniambia jambo moja tu, kwamba Jeptoo hakulia usiku ule kwenye chumba cha maboksi. Alikuwa anamsimulia habari zangu na kucheka. "Anakupenda," akasema. "Sijui kwa nini. Nilimuuliza."

Asubuhi baba alikuwa amevaa koti lake la safari, ameshika kile kiboksi. Ndege yao ilikuwa jioni.

"Twende huko Berea," akasema.

"Baba, amesema nisimpigie."

"Alisema jana. Tena hatupigi simu. Tunakwenda."

Cheryl anasomea shahada ya pili na amepanga chumba kwenye ghorofa moja la zamani karibu na Hillbrow. Lifti ilikuwa imekufa siku nyingi. Watu walikuwa wameigeuza mahali pa kuegeshea toroli. Baba alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa, na kila tulipopumzika nilijaribu kusema kitu, naye alinyanyua kiganja kuomba nimwache apumue.

Jeptoo alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa na kanga na soksi. Aliniangalia mara moja tu, kisha akamtazama baba, akamkaribisha na kumtafutia kiti chenye mgongo. Kilikuwepo kimoja. Nimisha na Cheryl wakakaa kitandani. Mimi nikabaki nimesimama kando ya jiko, na hakuna aliyeniambia nikae.

Baba alimpa pipi. Kisha akasema, "Binti yangu, jana nilikuuliza swali, na aliyepaswa kujibu alikuwa mwanangu. Nimekuja kuomba radhi kwa sababu mimi ndiye niliyemlea."

"Si kosa lako, baba," akasema Jeptoo.

"Sijasema nimekubali," akaendelea baba. "Sitaki kukudanganya na mimi. Nina mambo mengi moyoni, na nyumbani kuna mama yake. Lakini mtu hafichwi kwenye chumba cha baiskeli."

"Hata mimi sijui kama nimekubali," akasema Jeptoo, akimwangalia yeye, si mimi. "Jana nilitaka kuenda moja kwa moja, nisirudi."

Ndipo nikasema. Sitakuandikia nilichosema, kwa sababu kilikuwa kifupi na hakikuwa na mpangilio wowote, na katikati yake chungu cha Cheryl kilianza kufurika ikabidi nizime jiko huku naomba msamaha. Nilimwambia nimeogopa. Nilimwambia naona haya. Jeptoo alisikiliza akiwa amejikunyata na kikombe.

"Nitarudi," akasema mwishowe. "Lakini si leo. Ukishampigia mama yako, ukamwambia, mimi nikiwa nimekaa hapo nasikia. Siku hiyo."

Kwenye ngazi, baba akaniambia hilo la mama yangu nilifanye mwenyewe. "Sitakusemea," akasema. "Na usimpigie akiwa dukani. Kuna chupa nyingi za kuvunjika."

Uwanja wa ndege alinikumbatia kama kawaida, si zaidi wala pungufu. Nimisha alinipa mkono kama mfanyabiashara, kisha akacheka akanikumbatia. Nikamwambia duka limepata mtu. Niliona aibu kwamba nimechelewa kulisema, lakini nilimaanisha.

Nilimpigia mama Jumapili iliyofuata, Jeptoo akiwa amekaa kwenye kochi na koti lake, tayari kuondoka au kubaki. Nilisema yote kwa mkupuo. Mama akasema anaumwa kichwa, akakata. Jeptoo akavua koti. "Umesema," akasema. "Hiyo ndiyo nilitaka. Yake atasema akiwa tayari."

Mama alinyamaza wiki baada ya wiki. Nimisha aliniambia anauliza maswali madogo madogo, kama vile, je, Wanandi wanapika dengu, na benki Jeptoo yuko kitengo gani. Kisha jioni moja simu ya Jeptoo iliita, namba ya Tanzania. Aliongea akitembea sebuleni, kwa Kiswahili chake kile, akiitikia na kucheka mara moja moja. Mimi nilisimama mlangoni pa jikoni na taulo la vyombo, nasubiri kupewa simu. Nilijua la kumwambia mama. Nilikuwa hata nimenywa maji.

Jeptoo akaaga, akakata.

"Hajaniulizia?" nikasema.

"La."

"Mlikuwa mnaongea nini muda wote huo?"

"Majani ya chai. Ameniuliza kama ya kwetu Nandi ni mazuri kuliko ya Tukuyu."

Nikakaa chini. Tukuyu ni kwao mama. "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ndiyo."

Sikulala vizuri. Lakini Jumatano mama alipiga tena, akasema ametuma pakiti mbili za Tukuyu kwa lori la Murielle, ili yule binti aache kusema uongo. Simu hiyo pia haikuwa yangu.